Maana Iko Wapi? Jina la Yesu na Neno Moja la Mathayo 1:21

Katika darasa la wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, hapa Bagamoyo, bibi mmoja mwenye wajukuu kadhaa alinisimamisha katikati ya usomaji. Tulikuwa katika sura ya kwanza ya Injili ya Mathayo, mstari wa 21, pale malaika anapomwambia Yosefu habari za Mariamu: “Naye atazaa mwana, nawe utamwita jina lake Yesu, maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao.” Bibi akainua kidole.

“Mwalimu, hapo pameandikwa ‘maana’. Sasa hiyo maana yenyewe iko wapi? Ukiniambia mtoto ameitwa Pili maana amezaliwa wa pili, nakuelewa. Ameitwa Chausiku maana amezaliwa usiku, nakuelewa. Huyu ameitwa Yesu maana ataokoa watu. Yesu na kuokoa vimekutana wapi?”

Nilimwomba anipe wiki moja. Sikuomba kwa unyenyekevu tu. Nilikuwa nimeusoma mstari huo kwa miaka mingi, kila Majilio na kila Noeli, bila kuona kwamba sentensi ya malaika, jinsi tunavyoisoma kwa Kiswahili, ina kiungo ambacho hakiungi kitu.

Neno “maana” katika lugha yetu hubeba mizigo miwili. Mara nyingine ni sababu: sikuja, maana nilikuwa naumwa. Mara nyingine ni fasiri: maana ya neno hili ni nini? Mfasiri alilitumia hapa kwa kazi ya kwanza, na hakukosea, kwa kuwa Kigiriki cha Mathayo nacho kina neno la kutoa sababu tu. Lakini sikio la Mswahili halikubali kuitenga kazi ya pili, hasa panapotajwa jina, na ndiyo sababu bibi yule aliona pengo ambalo msomaji mzoefu hulipita. Malaika anatoa sababu ambayo ni sababu kwa yule tu anayeijua fasiri ya jina. Inashangaza pia kwamba Mathayo mwenyewe hakuitoa fasiri hiyo. Mistari miwili mbele, anapolitaja jina Imanueli, anaongeza mara moja, “Yaani, Mungu pamoja nasi”, lakini jina Yesu analiacha bila “yaani” yoyote, kana kwamba wasomaji wake wote wanalifahamu kama wanavyofahamu mkate na maji. Aliyekulia miongoni mwa Wayahudi alilifahamu. Wengine wote, tangu Mgiriki wa karne ya kwanza hadi sisi wa pwani hii, tumekabidhiwa barua iliyofungwa.

Ndani ya barua hiyo mna sentensi, na mkazi wa Bagamoyo hana sababu ya kushangazwa na jina ambalo ni sentensi, kwa kuwa yeye mwenyewe anaishi katika jina la namna hiyo. Bwaga moyo: kitenzi, kisha kitu kinachotendwa. Wapo wasemao kwamba maneno hayo ni ya mpagazi, aliyetembea miezi kutoka bara akiwa na pembe za ndovu begani, ambaye akiiona bahari huutua mzigo na moyo wake ukatulia. Wapo wasemao kwamba ni ya mtumwa, aliyeuacha moyo wake ufukoni kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Maneno ni yaleyale mawili; kinachobadilika ni mtendaji, na mtendaji akibadilika, faraja inakuwa kilio. Msomaji alishike jambo hilo la mtendaji, kwa sababu katika jina la Yesu pia uzito wote umelala hapo.

Kwa Kiebrania jina lenyewe ni Yehoshua, ambalo baada ya Wayahudi kurudi kutoka uhamishoni Babeli lilizoeleka kwa umbo fupi la Yeshua. Lina vipande viwili. Cha kwanza, Yeho, ni kifupi cha jina la Mungu lenye herufi nne, lile ambalo Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, wakawa wanasema “Bwana” kila walipolikuta katika maandiko. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 hulionyesha kwa kuandika BWANA kwa herufi kubwa zote. Cha pili kinatoka katika mzizi wa kitenzi cha kuokoa. Vikiunganishwa, jina linasema: BWANA huokoa, au, kama wengine wanavyopenda kulifasiri, BWANA ni wokovu. Hiyo ndiyo fasiri iliyokuwa ikikosekana kwenye “maana” ya malaika.

Mtu akishaujua mzizi huo, Agano la Kale linageuka kuwa mtaa wa ndugu waliokuwa wakipishana bila kusalimiana. Isaya ana vipande vilevile viwili, ila vimegeuzwa, wokovu ukitangulia na jina la Mungu likafuata. Elisha anatumia neno la jumla la Mungu, El, badala ya jina la BWANA: Mungu ni wokovu. Hosea ana kipande cha kuokoa pekee. Huyu wa mwisho ananigusa zaidi, kwa sababu jina hilohilo, kwa tahajia ya Hoshea, ndilo alilokuwa nalo kwanza yule kijana wa kabila la Efraimu aliyekuja kuwa mrithi wa Musa. Kitabu cha Hesabu, sura ya 13, mstari wa 16, kinasema kwamba Musa ndiye aliyembadilishia, akamwita Yoshua. Kwa Kiswahili mabadiliko hayo yanaonekana kama mchezo wa irabu tu. Kwa Kiebrania Musa amefanya jambo zito: amechukua jina linalotaja wokovu bila kusema unatoka kwa nani, akalitia jina la BWANA mbele. Hoshea aliyekuwa akienda kuipeleleza nchi ya Kanaani alikuwa askari hodari, na askari hodari huelekea kuamini kwamba mwokozi ni yeye. Tangu siku hiyo kila aliyemwita alimkumbusha kwamba siye.

Yoshua na Yesu, basi, ni jina moja. Wakristo wengi waliosoma Biblia maisha yao yote hawajawahi kuambiwa jambo hili, na wanapoambiwa huona kama mtu anawachezea. Lakini njia ambayo jina lilipita inafuatika hatua kwa hatua. Wayahudi waliokaa Misri walianza kuyafasiri maandiko yao kwa Kigiriki tangu karne ya tatu kabla ya Kristo, na kila walipolikuta jina Yehoshua au Yeshua walikwama kwenye sauti mbili. Kigiriki hakina “sh”, kwa hiyo wakaweka “s”. Kigiriki hakina ile sauti ya kooni inayolifunga jina, herufi ya Kiebrania inayolingana na ain ya Kiarabu, ambayo kila mtoto wa pwani aliyepita chuoni kwa maalimu huifahamu na huenda alichapwa kwa ajili yake, wakaiacha. Halafu, kwa kuwa majina ya kiume ya Kigiriki hupenda kumalizikia kwa “s”, wakaongeza “s” mwishoni. Likatokea Iesous. Walatini wakalipokea kama Iesus, na lugha za Ulaya zikaendelea kuligeuza kila moja kwa kinywa chake.

Kiswahili kililipokea jina kwa kulivua ile “s” ya mwisho, kama kilivyomvua Petros akawa Petro, Paulos akawa Paulo, Markos akawa Marko. Wazee Wakatoliki wa hapa bado husikika wakisema “Yezu Kristu”, na matamshi hayo yana historia: mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliovuka kutoka Unguja mwaka 1868 na kufungua misheni ya Bagamoyo walikuwa wengi wao wasemaji wa Kifaransa, lugha ambayo “s” iliyo kati ya irabu mbili husomwa “z”, na “Kristu” inasikika kama mwangwi wa Kilatini cha Misa. Kinachochekesha ni kwamba Kiswahili kina “sh” iliyo safi kabisa. Tungaliweza kusema Yeshua bila taabu yoyote, na kweli tumeitunza “sh” hiyo katika Yoshua, kwa sababu jina la yule wa Agano la Kale tulilipokea kwa kufuata Kiebrania na jina la huyu wa Agano Jipya tukalipokea kwa kufuata Kigiriki. Jina moja likaingia nyumbani kwa milango miwili, na waliomo ndani wakadhani ni wageni wawili.

Ushahidi uko ndani ya Agano Jipya lenyewe. Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, mstari wa 8, unasema kwamba Yoshua hakuwapa watu raha ya kweli, kwa kuwa kama angaliwapa, Mungu asingaliinena siku nyingine baadaye. Katika Kigiriki mwandishi ameandika Iesous, jina lilelile analolitumia kwa Yesu katika waraka mzima, na aliyeusikia ukisomwa kwa sauti katika kusanyiko la kwanza hakuweza kukosa kuona majina hayo yakigongana. Yesu wa kwanza aliwavusha Yordani, akawapa nchi, lakini hakuwapa pumziko. Kuna Yesu wa pili. Hoja nzima ya mwandishi inasimama juu ya ulinganifu wa jina, na sisi tunaosoma “Yoshua” hapo tunapata hoja bila kuusikia mgongano wake. Wafasiri hawana lawama, maana wakiandika “Yesu” mahali hapo wasomaji wangechanganyikiwa vibaya zaidi.

Jina hili, tena, halikuwa adimu. Mtume Paulo anapowasalimu Wakolosai anamtaja msaidizi wake “Yesu aitwaye Yusto”. Mhenga aliyeandika kile kitabu ambacho Biblia za Kikatoliki hukiita Yoshua bin Sira ni wa jina hilohilo. Na nakala kadhaa za zamani za Injili ya Mathayo, katika sura ya 27, zinamwita yule mfungwa aliyefunguliwa siku ya Ijumaa Kuu “Yesu Baraba”, ambapo Baraba, kwa Kiaramu, huweza kufasiriwa “mwana wa baba”. Nakala hizo zikisomwa hivyo, Pilato aliwasimamisha mbele ya umati watu wawili wenye jina moja, mmoja akiitwa mwana wa baba na mwingine akiwa Mwana wa Baba, akawauliza wamtaka yupi. Ndiyo maana watu walilazimika kusema “Yesu wa Nazareti”, au “mwana wa Yosefu”, kama vile sisi tunavyosema Juma wa Magomeni au Juma wa Mwanakheri ili wasichanganywe. Malaika hakumletea Yosefu jina geni kutoka mbinguni. Alimletea jina la kawaida la mtaani, kisha akasema kwamba safari hii litachukuliwa kwa uzito wa kila herufi yake.

Sasa turudi kwa mtendaji. Jina linasema BWANA huokoa. Myahudi yeyote aliyeitwa hivyo alikuwa anabeba ushuhuda juu ya mwingine: si mimi, ni BWANA. Malaika, anapotoa sababu ya jina, angetarajiwa kusema: utamwita BWANA-huokoa, maana BWANA atawaokoa watu wake. Hakusema hivyo. Alisema, “yeye ndiye atakayewaokoa watu wake.” Mkazo wa “yeye ndiye” haukubuniwa na mfasiri wa Kiswahili; uko katika Kigiriki, na kwa bahati njema Kiswahili kina chombo cha kuubeba bila kuupunguza. Mahali pa BWANA katika sentensi ya jina pamekaliwa na mtoto ambaye bado hajazaliwa. Zaburi ya 130 inamalizika kwa maneno yaliyo karibu mno na haya, “Yeye atamkomboa Israeli na maovu yake yote”, na huyo “yeye” wa Zaburi ni BWANA, hakuna shaka wala mjadala. Mathayo ameliweka jina, akaiweka sababu yake, akambadilisha mtendaji, kisha akaendelea na simulizi kana kwamba hajasema jambo. Kwa maoni yangu hakuna mahali pengine katika Injili yake ambapo fundisho zito kiasi hicho juu ya Yesu ni nani limewekwa kwa maneno machache hivyo, na ni kiwakilishi tu.

Kipande cha pili cha jina kinahitaji uangalifu wake, kwa sababu kuokoa huleta swali: kuokoa na nini? Yoshua wa kwanza aliwaokoa watu na maadui wenye panga. Wayahudi wa siku za Yosefu walikuwa chini ya Warumi na walikuwa na kila sababu ya kutumaini Yoshua mwingine wa aina hiyo. Malaika anaufunga mlango huo kwa maneno matatu, “na dhambi zao”, na kwa kufanya hivyo analipeleka jina mahali ambapo waliolibeba kabla yake hawakulifikisha.

Hapa Kiswahili cha pwani kinatupa tofauti ambayo inafaa kuitumia. Tuna kuokoa na tuna kukomboa, na ingawa katika nyimbo za kanisani maneno hayo hubadilishana nafasi, si kitu kimoja. Kukomboa kuna bei. Unakomboa kilichowekwa rehani, unakomboa mateka kwa fidia. Na mji huu unalijua neno hilo kwa uchungu, kwa sababu katika miaka ya kwanza ya misheni mapadre walitoa fedha kuwanunua watu sokoni Unguja ili kuwaweka huru, na wengi wa Wakristo wa kwanza wa Bagamoyo walikuwa watu waliokombolewa hivyo, wengine wakiwa watoto bado. Kuokoa hakutaji bei. Kunataja hatari na mkono uliofika. Wavuvi wa hapa hawasemi mtu aliyepinduliwa na ngalawa amekombolewa, wanasema ameokolewa. Agano Jipya linaufahamu upande wa bei na linausema waziwazi, pale Yesu anaponena juu ya kuitoa nafsi yake “iwe fidia ya wengi”. Lakini jina lake lenyewe limechukua neno la ngalawa.

Ndiyo maana naona kwamba tafsiri bora kuliko zote ya jina la Yesu katika Biblia ya Kiswahili iko katika sura ya 14 ya Injili hiyohiyo, kinywani mwa mvuvi. Petro ametoka chomboni, ametembea juu ya maji hatua chache, ameuona upepo, ameanza kuzama, na anapiga yowe: “Bwana, niokoe.” Maneno mawili. La kwanza ni kipande cha kwanza cha jina, la pili ni kipande cha pili. Mtu anayezama hana nafasi ya kucheza na lugha, na wala sisemi kwamba Petro alikusudia fumbo. Tena neno la Kigiriki lililowekwa hapo kwa “Bwana” huweza kuwa neno la heshima tu, kama sisi tunavyomwita bwana mwenye nyumba na bwana afya. Lakini Mathayo, aliyetuwekea sababu ya jina katika sura ya kwanza, hakuwa mwandishi wa kuandika ovyo, na msomaji aliyeifungua ile barua humsikia Petro akilitamka jina la aliyesimama mbele yake kwa kulivunja vipande na kuligeuza ombi.

Mzizi huohuo uko kwenye neno ambalo kila mwaka hupazwa hapa misheni, kwenye njia yenye miembe, Jumapili ya Matawi, watoto wakiwa wameshika makuti ya minazi na vijiti vya mitende: Hosana. Tunaliimba kama neno la shangwe, na kwa matumizi limekuwa hivyo. Asili yake ni ombi katika Zaburi ya 118, “Ee BWANA, utuokoe, twakusihi”, na kitenzi chake ndicho kitenzi kilicho ndani ya Yeshua. Umati ulioingia Yerusalemu ukimwimbia Yeshua “Hoshia-na” ulikuwa unaliimba jina lake kwa umbo la kitenzi, wajue au wasijue.

Wengi huuliza: ikiwa Isaya alitabiri kwamba ataitwa Imanueli, mbona hakuitwa hivyo? Jibu si refu. Katika Biblia kuna jina la kuitiwa mtu na kuna jina la kumweleza mtu alivyo, na Mathayo anayatumia yote mawili kwa mtoto mmoja: la kwanza linataja kazi yake, la pili linataja jinsi kazi hiyo inavyowezekana. Mwandishi huyu hakulisahau Imanueli. Analirudisha katika mstari wa mwisho kabisa wa kitabu chake, bila kulitaja, kwa ahadi kwamba “mimi nipo pamoja nanyi siku zote”. Kuhusu Kristo itoshe kusema kwamba si jina la ukoo bali cheo, Kigiriki cha neno la Kiebrania ambalo sisi tumelipata kupitia Kiarabu kama Masihi, yaani mpakwa mafuta.

Katika mji ambao adhana na kengele husikika kutoka kibaraza kimoja, haiwezekani kuzungumza juu ya jina hili bila kumtaja Isa. Qurani humtaja kwa jina hilo mara 25, na humwita pia Masihi, Isa bin Maryam. Waarabu Wakristo, kwa upande wao, husema Yasu, wakiitamka ain mwishoni, mahali ilipokuwa katika Yeshua, ilhali katika Isa ain iko mwanzoni. Kiswahili ni mojawapo ya lugha chache zenye majina yote mawili katika matumizi ya kila siku, na adabu ya pwani imezoea kuyatumia kila moja mahali pake. Yanamhusu mtu mmoja, lakini yasichukuliwe kwamba imani mbili zinasema jambo moja juu yake: Mwislamu anapolitaja jina la Isa humtaja mtume mtukufu aliyezaliwa na bikira, na hafasiri katika jina hilo dai kwamba mwenye jina ndiye mtendaji wa wokovu. Tofauti ya dini zetu, katika jambo hili, inakaa palepale kwenye “yeye ndiye”.

Pamoja na hayo yote, jina halikuachwa liwe hirizi. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, kina kisa cha wana saba wa Skewa, wapunga pepo waliotanga-tanga, waliosikia jinsi jina la Yesu linavyofanya kazi kwa Paulo wakalichukua kama dawa ya kununuliwa. Pepo akawajibu, “Yesu namjua, na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?” Kisha akawapiga hata wakakimbia uchi. Tunapomaliza sala kwa kusema “kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu” tunasema kwamba tumetumwa naye na tunaomba kwa haki yake, kama mjumbe anayebisha hodi na kutaja aliyemtuma; na hodi ya mtu asiyetumwa hujibiwa kama walivyojibiwa wana wa Skewa.

Paulo naye, katika waraka kwa Wafilipi, sura ya 2, anasema kwamba Mungu alimkirimia Yesu “Jina lile lipitalo kila jina”. Msomaji hudhani kwamba jina hilo ni Yesu. Lakini jina Yesu alipewa siku ya nane baada ya kuzaliwa, alipotahiriwa, kama Luka anavyosimulia, na Kanisa hulikumbuka tukio hilo tarehe 1 Januari. Paulo anazungumzia kilichotokea baada ya msalaba. Wafafanuzi wengi huona kwamba jina lililokirimiwa ni lile linalotajwa mwishoni mwa maneno hayo, pale kila goti linapopigwa na kila ulimi unapokiri ya kuwa Yesu Kristo ni Bwana. Maneno juu ya kila goti kupigwa yametoka katika Isaya 45, ambako BWANA anayasema juu ya nafsi yake mwenyewe. Yaani kipande cha kwanza cha jina, kile ambacho Musa alimwongezea Hoshea ili asijidhanie, hapa anapewa Yesu kiwe chake.

Wiki iliyofuata nilimweleza bibi sehemu ya haya, si yote, kwa kuwa jua lilikuwa kali na wenzake walikuwa wamechoka. Alisikiliza akiwa ameshika ncha ya khanga yake. Nilipofika kwenye Hoshea na Yoshua alinikatiza.

“Ngoja kwanza. Mjukuu wangu wa Dunda anaitwa Yoshua. Na kijana anayeniletea dagaa asubuhi anaitwa Isa. Kumbe hawa wawili ni somo?”

Nikamwambia kwamba mtu anaweza kusema hivyo.

“Na wote wawili ni somo wa Yesu.”

“Naam, bibi.”

Akacheka kimoyomoyo, akaufungua tena mstari ule, akausoma kwa kidole, na alipofika kwenye “yeye ndiye” akakitua kidole kidogo kabla ya kuendelea. “Haya, mwanangu,” akasema, “tulikuwa tumefika ishirini na mbili.”